Baba Alipomtazama Jaji

Mlandege, Iringa

Dada Mbuke,

Shikamoo. Pole na baridi ya Mbeya; huku nako tunalala na majaketi. Mke wangu Violet anakusalimu.

Jumapili jirani yetu Payal alituletea filamu ya zamani ya Kimarekani, inayosimulia maisha ya jaji mmoja. Baba, hakimu wetu mstaafu, alianza kwa kubishana na runinga. "Hapo amekosea sheria!" Tukacheka.

Kisha mke wa jaji akaugua. Jaji akaketi kando yake akimsomea gazeti mpaka mkewe akafariki. Nilipogeuka, Baba alikuwa analia kwa sauti, Dada.

"Mama yenu alipokata roho, mimi nilikuwa nasikiliza kesi," akasema. "Mbuke aliniambia nina moyo wa jiwe kwa kuwa sikulia msibani. Niliogopa nikianza sitanyamaza."

Najua tangu msiba ule hujakanyaga hapa, na sikulaumu. Lakini leo asubuhi Baba amefua mwenyewe mashuka ya chumba chako, akayaanika uani.

Mdogo wako,
Malimi