Anayeniita Mwanangu

Kabambare,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ya pili ni ya mkweo Elia, ya tatu na ya nne ni za wajukuu wako, na zote uzipokee ukiwa umekaa, maana najua magoti yako hayapendi kuinukainuka. Vipi hayo magoti? Na macho je? Kaka Yona aliniandikia kwenye simu kwamba siku hizi unamtambua mtu kwa sauti kabla hujamwona, nikacheka, nikasema mama hata zamani alitujua kwa vishindo vya miguu. Halafu nikaacha kucheka. Sisi huku ni wazima wa mwili. Furaha amerefuka mpaka gauni ulilomshonea limekuwa blauzi. Danieli ameng'oka meno mawili ya mbele na Kiswahili chako amekitupa kabisa. Juzi kanifuata jikoni ananiambia, "Mama, mutoto iko analia kule inje." Nikamuuliza mtoto gani huyo, akasema ni yeye.

Barua hii anakuja nayo mfanyabiashara wa vitenge anayevuka ziwa, ndiyo maana naandika kwa mkono na kwa urefu. Mambo haya siwezi kuyasema kwenye simu ya Yona huku mke wake akitega sikio. Mara mbili umeniuliza kwa nini tumeahirisha safari ya kurudi. Mara ya kwanza nilisema barabara. Mara ya pili nilisema Elia anamalizia jengo la wazazi. Barabara ni mbovu kweli, na jengo kweli lilikuwa halijaezekwa, lakini mama, nilikudanganya. Miaka yetu minne ya utume imekwisha, kanisa la nyumbani limeshatuandikia turudi, na mizigo ilikuwa imefungwa. Mimi ndiye niliyegoma kutoka. Kuna mtu nilipaswa kumuaga, na nilikuwa namwogopa.

Anaitwa Mwamini. Hajafika hata miaka ishirini na miwili, yaani angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Anakaa kijiji kimoja kando ya barabara ya kwenda Salamabila, huko kwenye machimbo ya dhahabu ambako mumewe hushinda mashimoni wiki nzima. Kwa pikipiki ni mwendo wa saa moja jua likiwaka, na mvua ikinyesha usiulize. Kazi yangu huku unaijua. Asubuhi niko zahanati na watoto wenye homa na wachimbaji wenye vidonda, mchana Elia ananivuta twende tukaone chemchemi aliyoijengea, au tukagawe mbegu za karanga. Mwamini aliletwa kwangu kwenye kiti kilichofungwa kwenye miti, wanaume wanne wamembeba, ana uchungu wa siku mbili na mtoto amekaa vibaya. Mengine nisikueleze. Mtoto alitoka, wa kike, akalia, nami nikakaa sakafuni nikalia naye. Mwamini akaniuliza jina langu. Nikamwambia Perusi. Akalijaribu mdomoni mara mbili tatu, maana huku hakuna aliyekuwa nalo, akasema basi na mutoto ni Perusi.

Nilivimba kichwa, mama. Nilitembea na habari hiyo zahanati nzima.

Sasa sikiliza desturi ya nyumba ile. Mtoto akipewa jina la mtu aliye hai, akishaingizwa ndani hatoki tena mpaka kitovu kianguke, na anayemtoa ni mwenye jina mwenyewe. Anampokea mikononi, anavuka naye kizingiti, anamwonyesha jua na njia, ndipo mtoto anakuwa wa watu wote. Kabla ya hapo hatoki, hata iweje. Mwamini akaniletea habari kwamba kitovu kimeanguka, niende Alhamisi. Nikasema nitakuja. Jumatano wakaingia wageni wa kanisa kutoka Kasongo, wamekuja kukagua jengo la wazazi, na wewe unanijua mimi na wageni. Nikabaki kupika. Niliwapikia wali, kuku wa mawese na sombe, hicho kisamvu chao wanachokitwanga mpaka kilainike, wakanisifu mpaka nikaona haya. Kwa Mwamini nilimtuma mtu wa pikipiki akaseme nitafika Jumamosi, Mungu akipenda. Kwangu ile ilikuwa sherehe, na sherehe inasubiri. Mimi niliyesomea uuguzi, mama, niliyewahubiria wanawake hawa wasicheleweshe mtoto mwenye homa, sikujiuliza hata mara moja huyu akiugua katika siku hizi mbili atatoka vipi.

Ijumaa asubuhi mtoto akaamka anachemka. Mwamini akajifunga kitenge amlete zahanati, mama mkwe wake akasimama mlangoni. Usimchukie mama mkwe yule. Wakati wa vita alikimbia msituni na watoto wawili wachanga na akarudi bila hata mmoja, na moyoni mwake wale walikufa kwa sababu walitolewa nje ovyo. Akamwambia Mwamini, "Mwenye jina yake anakuya kesho. Ngoja." Mwamini akangoja. Nani angebishana, na mimi nilikuwa nimetoa neno langu?

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Magogo ya daraja yalikuwa yamesogezwa na maji, tukasaidiana na wapita njia kuyarudisha, na nilipofika kijijini ilikuwa imepita saa nane mchana. Mwamini nilimkuta barabarani. Alikuwa amesimama pale tangu asubuhi ili aione pikipiki kwa mbali, mtoto amemwachia mama mkwe. Akaniambia homa imepanda, mtoto hanyonyi. Nikampakia nyuma yangu, tukaingia uani, mimi, yeye na dereva, tumelowa matope.

Nilikuwa nafungua mfuko wa dawa niliposikia sauti ya mwanamke kutoka ndani. "Perusi! Perusi weee!"

Mama, wewe ulinilea. Ulinifundisha kwamba nikiitwa niitike, hata kama nimenuna, hata kama niko mbali na kazi mikononi. Nikaitika. Nikasema "Abee!" kwa sauti yangu yote.

Watu wote uani wakanigeukia. Hata aliyekuwa analia alinyamaza. Ndipo nikaelewa ni Perusi yupi anayeitwa: mtoto alikuwa amekata roho, nao walikuwa wanamwita arudi. Mama mkwe akatokea mlangoni, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akawageukia waliokuwa uani.

"Ameitika," akasema.

Niliingia nikafanya yote ninayoyajua. Mwili ulikuwa bado na joto. Baadaye wakamfunga kwenye kitambaa cheupe wakanipa mimi, kwa sababu mwenye jina ndiye anayetoa, na nikavuka naye kile kizingiti. Mvua ilikuwa imekatika. Nilimwonyesha jua, mama, sikujua nifanye nini kingine. Mazishini waliita jina langu mpaka jioni, kila mwanamke kwa sauti yake, nami nimesimama katikati yao nimejiziba mdomo kwa mkono nisije nikaitika tena.

Nilidhani watanichukia. Ningeomba wanichukie. Siku ya soko iliyofuata Mwamini alitembea mpaka Kabambare, akakaa kwenye kibaraza changu, akafungua kitambaa akatoa viazi vitamu vya kuchemsha vilivyopondwa laini, vya kumlisha asiye na meno. Akaniuliza, "Mwanangu, umeamkaje?" Nilidhani ni heshima tu ya huku. Nikala. Alinitazama nikila mpaka nikamaliza, akaishika miguu yangu akaigeuza kama anayekagua funza, akaondoka. Siku ya soko nyingine akaja. Na nyingine. Ni mwaka sasa na miezi, na hajakosa ila wiki moja alipougua mwenyewe. Baada ya miezi sita viazi vilianza kuwa vigumu kidogo. Baadaye akaniletea mkate wa ndizi. Ananilisha kwa umri wa yule.

Siwezi kukuambia ilivyo. Mtu ana miaka thelathini na tisa, ana mume mchungaji, amezalisha nusu ya watoto wa wilaya, halafu anakaa kimya anapondewa viazi na binti ambaye yeye ndiye aliyemuua mwanawe. Ndiyo, nimeliandika. Elia ananikataza kulisema. Anasema malaria ndiyo iliyomuua, na mimi namwambia malaria haikupikia wageni kuku. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia Elia kwamba jambo hili ni la giza, mke wa mchungaji asilikubali, akaombewe. Elia akamjibu kwamba haoni giza, anaona mama amekosa pa kupeleka chakula. Nilimpenda sana siku ile. Lakini nililala vibaya vilevile.

Siku moja nilijificha. Nilimwona akipandisha njia, nikamwambia Furaha aseme sipo, nikaingia chumbani. Furaha alisema uongo vizuri, Mungu anisamehe kwa kumfundisha. Mwamini hakuondoka. Alikaa kibarazani mpaka jua likageuka, kisha akaita, taratibu tu, "Perusi." Mara moja. Nilikuwa nimekaa kitandani, mto nimeukumbatia, na sikuitika. Nikasikia akifunga kitambaa chake. Tangu siku ile mama, nikiitwa na mtu yeyote nasubiri kwanza. Elia akiniita nasubiri. Wagonjwa wananiona nina majivuno. Watoto wameshajua, wanakuja karibu wananishika nguo ndipo wanasema.

Sasa umejua kilichonizuia. Barua ya kurudi ilipokuja nilifurahi kama mfungwa, na papo hapo nikajua siwezi kwenda bila kumwambia, na kumwambia siwezi. Kwa hesabu yake mtoto wake, yaani mimi, amefika umri wa kutembea. Nimwambie nini, kwamba naye anaondoka tena? Niliwaza kuondoka siku isiyo ya soko, kimyakimya. Elia alinitazama tu, akasema kama ni hivyo yeye hatapanda gari.

Alhamisi iliyopita nilikwenda. Sikungoja aje yeye. Nilimkuta uani kwake anamenya karanga, mama mkwe amejilaza kwenye mkeka. Aliponiona hakushangaa, alisogea akanipa nafasi. Nikakaa chini nikachukua karanga nami nikamenya, na tukamenya mpaka ungo ukakaribia kujaa. Nikamwambia kwa mara ya kwanza kwa jina ambalo sijawahi kumwita.

"Mama, tunarudi kwetu. Siji tena huku."

Aliendelea kumenya. Nilidhani hakusikia. Kisha akapangusa mikono kwenye kitenge akasema, "Ni muzuri umekuya kuniambia. Ile siku nilikuwa ku barabara. Haukuningoja."

Sikumjibu kama muuguzi. Sikumjibu kama mke wa mchungaji wala kama mtu mzima. Nikasema, "Nisamehe, mama. Nilishindwa kungoja."

Akalia. Mwaka mzima na miezi sikuwahi kumwona akilia, hata mazishini alikuwa amekauka. Alilia amekiweka kichwa changu mapajani mwake, mimi na mvi zangu, na mama mkwe akainuka akaingia ndani akatuacha. Alipomaliza akanipangusa uso kwa kiganja, akanisindikiza mpaka barabarani, pale pale alipokuwa amesimama siku ile. Pikipiki ilipowashwa akaniambia, "Enda sasa. Leo nimekuona unaenda."

Niligeuka mpaka kona. Alikuwa amesimama, hakupunga mkono, alinitazama tu mpaka nikapotea. Jana ilikuwa siku ya soko na hakuja. Nilikaa kibarazani tangu asubuhi, mama. Furaha aliniuliza namngoja nani, nikamsogezea kigoda akae nami.

Elia amekwenda Kasongo kukabidhi kazi, akirudi tunatafuta gari la mizigo mpaka ziwani. Ukisikia tumechelewa tena, safari hii itakuwa barabara kweli. Usiuze mbuzi kwa ajili yetu, na usimwambie mtu haya niliyoyaandika, hata mwanamke wa maombi. Mwambie Yona akusomee akiwa peke yake, na akifika pale pa mvua asome polepole.

Nisalimie kaka Yona na mkewe, naye nampenda pamoja na masikio yake. Msalimie mama mdogo aliyetuchungia nyumba, na shangazi anayeimba alto kanisani, na jirani yetu muuza dagaa ambaye najua atauliza nimemletea nini. Wajukuu wako wanakubusu mikono. Elia anasema tutafika.

Mama, hapa chini natakiwa kuandika jina langu, na nimeishika kalamu kwa muda mrefu. Leo niruhusu nisiliandike. Nimeliacha huku, lina kaburi lake, na kuna mtu anayelipalilia. Ukinisikia naingia uani nawe bado hujaniona, usiniite. Njoo tu unishike.

Ni mimi, mwanao.