Springi Iliyokazwa kwa Uzito Wangu

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria. Nguo nimeziacha kwenye beseni na povu lake, zisuuze. Spana yako ya kukazia springi ninayo mimi, usiitafute. Nimekwenda uwanja wa mbio.

Asubuhi binti yako alikuwa anaoga, ukaniambia nikalie pikipiki yake upime springi ya nyuma inabonyea kiasi gani. Nikakaa. Ukaikaza, ukanitania kwamba nimeishindilia mpaka chini. Ukasema akitoka bafuni utailegeza ilingane na uzito wake. Mara wakakuita gereji, ukaondoka mbio, simu ukaiacha kwenye chaji. Yeye akatoka, akakuta zana zimepangwa, akajua umemaliza. Akaondoka nayo kwenda kwenye mbio zake.

Nimekumbuka nikiwa nafua. Mtoto mwepesi vile, anaingia kona kwa kasi ile, juu ya springi iliyokazwa kwa ajili yangu. Si ni wewe uliyesema ikiwa ngumu kumzidi mpandaji, tairi linadunda na kuachia lami? Nampigia, hapokei.

~~Usijisumbue kuja, nitamwahi.~~ Njoo. Nguo achana nazo, njoo sasa hivi.

Kuilegeza hiyo springi sijui. Lakini kukaa mbele ya tairi lake asiondoke, hilo naliweza. Uzito ninao, umeupima mwenyewe.

Mama watoto