Mnyapara Aliyegongewa Saa Kumi

Msichana wee! Babu Kificho kanisimulia sasa hivi, bado siamini.

Mwaka sabini alikuwa kibarua wa kontrakta mmoja mjini, akipasua mawe. Mnyapara wao, Vuai, akawatangazia: "Kazi saa kumi alfajiri. Atakayechelewa arudi kwao!"

Saa kumi! Hata adhana bado! Na Babu akitoka Bububu, huko nje ya mji, kwa miguu. Vuai lenyewe, jivivu lile, likifika saa mbili, limeshiba mandazi.

Siku ya nne Babu akawachukua wenziwe, wakaenda kumgongea nyumbani saa kumi ile ile.

Vuai katoka kajifunga kanga ya mkewe, anauliza: "Kuna nini?"

Babu akamjibu: "Saa ya kazi, bwana. Au kwako haijafika?"

Mkewe ndani akaangua kicheko!

Kesho yake kazi ikaanza saa moja, na Vuai hakuthubutu tena kumtazama Babu usoni.