Radhi ya Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 6 Mei

Mdogo wangu anakwenda kuhiji! Anaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Binti yake ndiye kamlipia. Wanangu mimi hunitumia picha za maua kwenye simu kila asubuhi. Haya.

Habari nimeipata kwa mteja, shavu moja limenyolewa, la pili bado. Nusura nimwache hivyo hivyo aende zake.

Mdogo wangu naye ni kinyozi. Duka lake na langu yanatazamana, katikati barabara tu. Kushika wembe nilimfundisha mimi. Mama alihamia kwake, nyuma ya duka, kwa ajili ya magoti — kwangu ngazi zilimshinda. Akafia huko. Kutwa nzima mama yangu anakata roho, na mimi hapa ng'ambo nanyoa watu ndevu na kupiga soga! Hakuna aliyeniita. Nilipoona viti vinapangwa nje kwake nilidhani wana sherehe. Nikanuna kwa kutoalikwa. Tangu siku hiyo hatusemezani.

Sasa imamu kasema, mwenye kwenda hija aombe radhi kwanza kwa kila aliyemkosea. Kila! Basi atakuja tu, hana pa kukwepea. Na akija, hilo la Mama alitaje kwa kinywa chake mwenyewe. Hapo ndipo nitaona kama nampa au simpi.

Jumanne, 7 Mei

Nimevaa kanzu nyeupe, nikakaa mlangoni. Mke wangu kaniuliza, mzee, unakwenda kuoa? Nikamjibu, nikipata.

Mara mdogo wangu huyo, anavuka barabara. Moyo puu! Nikakunja nne, nikatazama angani kama mtu asiye na habari. Kumbe anaingia kwa muuza nyama, mlango wa pili! Eti amwombe radhi, aliwahi kumsengenya kwamba mizani yake inapunja. Wakakumbatiana pale pale kati ya mapaja ya ng'ombe.

Baadaye muuza nyama kaja kunisimulia, macho mekundu.

— Mdogo wako kalia, mzee! Kalia kama mtoto!

Kulilia mizani! Na mizani yenyewe inapunja kweli, mtaa mzima unajua.

Alhamisi, 9 Mei

Leo zamu ya fundi saa. Mdogo wangu aliwahi kumkata sikio kwa wembe, kitone tu cha damu. Kaombwa radhi ya sikio! Sasa anapita kwa kila mtu kulionyesha, kama cheti.

Mimi nafagia. Kizingiti nimekifagia mpaka saruji inatoka.

Ijumaa, 10 Mei

Nimemvizia imamu baada ya sala, anatafuta viatu vyake. Nikamuuliza, je, mtu akiruka mmoja makusudi, hija yake si itakuwa na kiraka? Nilitarajia atatikisa kichwa kwa huzuni.

— Mzee wangu, kwani ni lazima uombwe? Samehe tu. Thawabu yako iko pale pale.

— Hiyo kazi ya Mungu, sheikh. Mimi ni kinyozi.

Kacheka, kavaa kiatu kimoja, kaniuliza tena. Je, mdogo wako akija, una hakika unataka kumsamehe? Au unataka tu foleni ianzie kwako?

Maswali gani haya kwa mtu mzima! Nikamwambia kiatu chake cha pili nimekiona kule, nikamwelekeza kusiko. Mungu anisamehe. Hilo ni dogo.

Jumapili, 12 Mei

Simu imelia. Jina lake! Miwani sikuiona, kumbe iko kichwani. Ujumbe wenyewe huu:

"Ndugu na marafiki, naelekea safari ya hija. Nisameheni kwa yote niliyowakosea kwa kujua na kwa kutojua."

Ndugu na marafiki! Kawatumia wote waliomo kwenye simu yake. Fundi bomba kaupata. Dada wa duka la dawa kaupata. Mimi na fundi bomba kapu moja! Na "yote" maana yake nini? Yote ni neno la mvivu. Sikujibu. Nimeusoma tena baada ya chakula, labda chini kuna kipande changu. Hakuna.

Jumanne, 14 Mei

Mke wangu kaniwekea mnofu mkubwa. Nikashuku. Nikaacha kutafuna. Kasema kwa sauti ndogo, shemeji alimkuta sokoni. Kamwomba radhi. Naye kampa.

— Umempa? Bila kuniuliza?

— Radhi yangu nayo ni mali yako?

— Alilia?

— Kidogo.

Kidogo! Kwa mke wangu kidogo, kwa mizani kama mtoto, kwangu hata kukohoa! Nikauliza, na la Mama kasema nini? Kanijibu hilo ni lako na yeye, vuka barabara ukamuulize. Nivuke mimi? Mwenye safari ni nani?

— Basi kaeni hivyo hivyo, vichwa vya mbuzi! Mwenzangu, wewe huna uchungu. Una wivu.

Nikamwambia vyote ninavyo, nimejaliwa.

Alhamisi, 16 Mei

Hakuja. Kafunga duka mapema. Nimenyoa vibaya leo, watu wawili wamelalamika.

Ijumaa, 17 Mei

Naandika nyuma ya pazia la duka. Upesi. Yupo! Kwenye kiti changu, taulo shingoni, povu usoni. Nimemdanganya nakuja kuchukua maji ya moto.

Kaingia baada ya sala. Hakunisalimu kwa mkono. Kaketi. "Kaka, ninyoe." Nikamwambia, kwani vioo vya kwako vimevunjika? Hakucheka. Nikampaka povu, jingi kuliko haja, na kwenye masikio pia. Nikachukua wembe. Akafumba macho, akasema, kwa wengine alikuwa anajizoeza. Akajizoeza weee, na bado hajui aanzie wapi.

Nikasema, anza na Mama.

Akaanza. Siku ile Mama aliniita mimi. Tangu asubuhi aliniita. Yeye akamwambia, nimeshamtuma mtu, kaka yuko njiani. Hakumtuma mtu.

Kwa nini, nikauliza. Wembe umesimama hewani.

— Nilimlisha, kaka. Nilimwogesha. Siku ya mwisho kashika mkono wangu hivi, kaubana, kaniita jina lako. Siyo mara moja. Nikamwambia, ni mimi, Mama. Kaniita jina lako tena. Nikasema moyoni basi, angalau kushikwa mkono huku nisimpe kaka.

Machozi yanachimba mifereji kwenye povu.

Jina langu! Na mimi miaka yote hii nauonea wivu mkono wake ulioshikwa na Mama! Nilisikia kicheko kinanipanda kooni, cha ushindi, nikamtazama usoni. Hakikutoka. Ndiyo nikakimbilia huku.

Ananiita sasa.

— Kaka, maji bado?

Nimemwambia bado kidogo. Yamechemka zamani. Yanamwagikia jiko.