Kuti Lililofunga Njia

Esaju, 2 Juni 2004

Dada Alandiso,

Salaam. Sisi wazima, ila baba kifua kinamsumbua. Wewe na wanao hamjambo huko Dakar?

Bunduki zimenyamaza tangu Pasaka, na wazee wametangaza jando ambalo vita viliahirisha mara mbili. Rika letu linaingia msituni tarehe 3 Agosti. Mimi wamenikataa, eti nilimuua mama. Njoo uniombee. Dada wa tumbo moja wanamsikiliza.

Mdogo wako,
Ampoi

Dakar, 21 Juni

Ampoi,

Wanangu wazima, si kwa dua zako. Nikuombee mimi? Wanaume walilaza kuti bichi kwenye njia ya mashamba ya mpunga, kila mtu akajua pametegwa bomu. Kuti likaondolewa, mama akapita. Nani alikutwa nalo? Ulikuwa na miaka tisa, hukuwa kichanga! Kaa hivyo hivyo, ule na watoto mpaka mvi zikuote.

Dada yako, kwa bahati mbaya,
Alandiso

Esaju, 1 Julai

Dada,

Hali yako siulizi. Nilikutwa nalo, sikuliondoa. Uliliburuta wewe, ukaezekea kibanda chetu cha kuchezea. Bomu lilipolipuka ukakimbia, ukaniacha ndani. Baba alinichapa hadi fimbo ikakatika, nawe umesimama pale pale, kimya. Nimengoja miaka kumi na moja useme. Nikisema mimi nitaitwa mwongo. Sema wewe, kabla ya tarehe 3.

Ampoi

Dakar, 30 Julai

Mdogo wangu,

U hali gani? Mwezi mzima nimekaa na barua yako, nikikuchukia kwa kuiandika. Ni kweli. Niliogopa, kisha nikazoea kukulaumu, hata nikaamini. Wasomee wazee. Kuja siwezi, nitamtazamaje baba?

Dada yako,
Alandiso

Esaju, 11 Agosti

Dada,

Barua yako imefika leo. Wenzangu wana siku ya tisa msituni. Nimewasomea wazee, mmoja akanishika bega: "Pole, mwanangu. Wakishaingia, haongezwi mtu." Jando jingine ni miaka ishirini na tano ijayo, vita vikituruhusu. Hadi hapo mimi ni mtoto, na hakuna atakayeniozesha binti yake.

Baba naye amesikia yote. Ametoka na panga, akakata kuti bichi, akalilaza kwenye njia ya kuingilia nyumbani kwetu.

Safari hii, sisi sote tunajua limewekewa nani. Mimi sitaligusa.

Ampoi