Pikipiki Uliyoiacha Imejifunza Hatua Fupi

Muara Dingin, Semende
19 Agosti 2019

Mpendwa mjukuu wangu Apriansa,

Asalamu alaikum. Hivi wewe bado una miguu, au huko Batam waliikata wakakuachia mikono tu ya kufanyia kazi kiwandani? Idi ya nne hii hujaonekana. Kila mwaka naweka tempoyak, ile duriani ya kuchachusha, kwenye mtungi nikisema hii ya Apri, na kila mwaka inaliwa na mjomba wako, ambaye hahitaji kuongezewa tumbo.

U hali gani? Kile kikohozi kilikwisha? Unakula wali, au zile tambi za kumwagia maji ya moto? Mimi ni mzima, ila magoti, nayo tumeshazoeana.

Anayeandika ni huyo huyo mjomba wako Sahrun, maana shule mimi niliiona kwa nje tu. Nimemwapisha aandike kila neno, hata litakalomuuma. Yapo.

Sasa sikia. Pikipiki yako ndogo uliyoiacha chini ya nyumba, kati ya nguzo, imefumuliwa. Usipige kelele, soma kwanza. Aliyeifumua ni dada yako Lisma.

Unajua tangu mama yenu afariki, nyumba iko mikononi mwa Lisma kwa kuwa ndiye binti mkubwa. Nyumba, mashamba ya mpunga na shamba la kahawa la ng'ambo ya mto. Hawezi kuviuza, wala hawezi kwenda zake akaviacha, kama wengine walivyokwenda zao. Na mjomba, ndugu wa mama yenu, ndiye mwenye kauli. Mwaka jana nusu ya kahawa ilioza ng'ambo. Wabebaji wamekwisha, na wenye pikipiki wakiuona ule mlima wa kutoka mtoni wanageuza. Basi mjomba wako akakaa na ukoo akatoa kauli: ikioza tena mwaka huu, shamba apewe Darlis, binamu yenu, alilime yeye.

Kahawa ile niliipanda mimi na babu yako, nikiwa na mimba ya huyu anayeandika. Nilinyamaza, ndiyo desturi. Lisma naye alinyamaza, lakini yeye akinyamaza ujue kuna jambo.

Kesho yake akaenda soko la Pulau Panggung, akarudi na sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na cheni, kubwa kama sahani ya wageni. Ile yako ilikuwa na meno thelathini na sita. Hii hamsini na mbili, nimeyahesabu mwenyewe kwa kidole. Ya mbele akaweka ndogo zaidi, meno kumi na mawili tu. Cheni haikufika, akakata kipande cha nyingine akakiunga. Tairi la nyuma akalifunga minyororo lisiteleze kwenye tope.

Nikamuuliza, "We mtoto, unaifanyaje hii?"

"Bibi, ukipanda na kapu zito unapiga hatua ndefu au fupi?"

"Fupi, mjinga wewe."

"Basi naifundisha hatua fupi."

Apri, nimeishi miaka mingi kuliko meno ya ile sproketi, na hakuna mtu aliyewahi kunieleza kitu cha chuma nikakielewa papo hapo namna ile.

Barabarani haina mbio tena. Inalia kama inaungua, na mwenye baiskeli anaipita huku anapunga mkono. Vijana wa kibanda cha kahawa wakamwita, "Dada Lisma! Hiyo inakwenda sokoni au inapanda ukuta?" Akawajibu, "Inapanda ukuta. Za kwenu zimewahi kupanda nini zaidi ya baraza hili?" Wakarudi kwenye kahawa yao.

Siku ya kwanza ya mavuno, kule ng'ambo, akafunga magunia mawili nyuma ya kiti. Nilikuwa dirishani jikoni. Akavuka mto, akaanza kupanda, na pale kwenye jiwe jeusi pikipiki ikainua mdomo juu kama farasi, ikapinduka. Kahawa ikamwagika mpaka majini, na bega la dada yako likawa la zambarau. Mjomba wako, badala ya kukimbia kumwinua, akasema, "Si nilisema? Pikipiki si mbuzi." Andika, Sahrun. Usiruke.

Nikashuka mimi, na magoti yangu haya, nikikaa kila baada ya hatua kumi. Nilimkuta anaokota kahawa kwenye tope, moja moja, hatazami mtu. Akasema, "Bibi, nguvu inayo. Inanishinda tu." Nikaiangalia ile pikipiki.

"Nani kakufundisha kubeba kwa makalio?" nikamuuliza.

Miaka hamsini nimebeba kapu kwa kamba ya paji la uso. Mzigo unakaa juu, nawe unainama mbele mpaka pua inakaribia magoti. Mzigo ukikaa nyuma, unakuvuta nyuma. Kwani chuma ni tofauti? Gunia moja tukaliweka mbele, pale kwenye uwazi kati ya kiti na usukani. La pili tukalibana nyuma, karibu kabisa na mgongo wake. Nikamwambia akae ukingoni mwa kiti, kidevu juu ya usukani.

Akapanda. Taratibu, tak tak tak, kama mimi nikiwa na miaka ishirini. Kwenye jiwe jeusi gurudumu la mbele halikunyanyuka hata unene wa kidole. Mjomba wako alikuwa amesimama katikati ya njia pale juu, akaruka kuipisha, akaangukia upupu. Alijikuna siku mbili.

Safari ya tatu alinipakia mimi, mahali pa gunia la mbele. Nilipanda mlima ule nimekaa, Apri. Nililia, na asiniulize mtu.

Kahawa yote iko nyumbani. Uani hakuna pa kukanyaga, imeanikwa mpaka mlangoni. Ijumaa mjomba wako alisema mbele ya ukoo kwamba shamba ni la Lisma, na hilo limekwisha. Kisha akamvuta pembeni akamwomba amtengenezee na yake. Ipo chini ya nyumba sasa hivi, haina hata gurudumu la nyuma. Kwa hiyo yako usiidai.

Darlis anakusalimu, hana kinyongo. Shangazi Nurhema anakusalimu, anauliza kama umepata mchumba au na hilo nalo umelisahau. Mungu akulinde na mashine za kiwandani, akupe riziki safi na akili ya kurudi.

Ukija, usimwombe dada yako akupakie. Siku ya kwanza utashuka mtoni kwa miguu, uvuke mpaka shambani, ujaze kahawa kwenye kapu langu, lipo nyuma ya mlango palepale, uweke kamba kwenye paji la uso na upande nalo mpaka jikoni. Nitakuwa dirishani. Ukifika juu, kampe kwanza Lisma mkono, ndipo uje ule.

Wako akupendaye hata akikugombeza,
Bibi Sitiana