Chembe Zilizomwagika kwenye Damu ya Baba

Alhamisi, Bwera. Mvua inanyesha tangu alfajiri, na mimi nimeamka na hasira.

Tezi za shingoni mwa Baba zimevimba tena.

Mwezi uliopita zilikuwa zimenywea. Alikuwa anameza vidonge vya saratani ya damu, anakula obundu, ugali wake wa muhogo, na kuomba nyongeza. Kisha tukapima damu Kasese, chembe nyeupe zikaonekana zimepanda sana. Dada yangu Masika akaamua papo hapo: "Hii dawa iko naongeza ugonjwa. Baba asimeze tena." Akabeba chupa, akaifungia dukani kwake Mpondwe.

Mimi ni Biira. Kwetu Wakonzo jina ndilo nafasi yako: Masika ni binti wa kwanza, Biira wa pili. Masika akishasema, Biira anaosha vyombo. Nilipinga kidogo, nikaambiwa nisijifanye daktari, nikanywea.

Leo nimempata daktari wa Baba kwa simu. Anasema chembe za saratani zina molekuli za kunatia, mfano wa kulabu, zinazozishikilia ndani ya tezi na kwenye uboho wa mifupa. Huko ndiko zinakolishwa na kujificha. Vidonge vya Baba hulegeza kulabu hizo, chembe zinamwagika kwenye damu, na huko hufa polepole. Ndiyo maana hesabu hupanda kwanza, huku tezi zikipungua.

Si ungetuambia siku ile ulipotukabidhi chupa, daktari?

Nimempigia Masika. Habari za molekuli hakutaka kuzisikia, basi nikamkumbusha mbuzi wetu wa Karambi: ukiwapulizia dawa, kupe wanaachia na kutapakaa chini. Anayetazama chini tu atasema dawa imeleta kupe.

Nilingoja anigombeze. Badala yake akauliza kwa sauti ndogo, "Biira, kumbe ilikuwa inafanya kazi?"

"Ndiyo, yaya," nikamjibu, kama tunavyomwita dada mkubwa.

Akalia palepale, katikati ya magunia ya kakao na wateja wake.

Sasa yuko njiani na chupa, juu ya bodaboda, kwenye mvua hii. Daktari amesema Baba aanze tena leo, ila hakuahidi chochote. Nilikuwa nimemwandalia Masika maneno makali, na yote yamenipotea.

Mungu wangu, chembe hizo zitakubali kuachia mara ya pili?